Namna ya Kubadili Oili ya Motokaa Nyumbani

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za mafuta ambayo wenye motokaa wengi huyasahau. Petroli na dizeli hazisahauliki, kwa maana zikiisha gari husimama njiani, na mwenyewe hushuka akasukuma. Lakini yako mafuta mengine, yakaayo gizani ndani ya injini, ambayo mafundi huyaita oili. Hayo hayana kelele. Huweza kuharibika kabisa, na gari likaendelea kwenda kwa miezi kama kwamba hapana neno, mpaka siku injini yenyewe inapokwama. Na kufufua injini iliyokwama ni gharama iwezayo kumfilisi mtu.

Katika mwambao wetu, tangu Somanga na Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, vyombo vya moto vimekuwa vingi kuliko babu zetu walivyoweza kudhani. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, wasafiri waliacha kungoja kivuko, na lami ikazidi kusogea kusini. Siku hizi mwalimu ana gari dogo, mchuuzi wa samaki ana pikipiki, na kijana wa bodaboda hulisha watu sita au saba kwa chombo kimoja. Walakini mafundi hawakuenea kama vyombo vilivyoenea. Mtu akaaye Kipatimu au Nanjirinji hulazimika kwenda mbali kumtafuta fundi, kwa kazi ambayo angeweza kuimaliza uani kwake kwa muda wa saa moja.

Kwanza tufahamu oili yafanya kazi gani. Sugueni viganja vyenu kwa nguvu, navyo vitapata joto mara. Ndani ya injini ni chuma kinachosuguana na chuma. Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Kama vyuma hivyo vingegusana vikavu, vingeyeyuka na kushikana. Kinachovitenga ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Tena oili huchukua joto na kulipeleka nje, huzuia kutu, na huosha masizi na vumbi la chuma, ikiushikilia uchafu huo usikwame penye sehemu nyembamba.

Basi katika kazi hiyo ya kuosha ndimo oili inamochakaa. Mtazameni mama afuaye nguo katika beseni. Akisha kufua nguo kumi, maji ni yale yale kwa wingi, hayakupungua ila kidogo, lakini hayatakasi tena. Nguo ya kumi na moja hutoka na uchafu wa zile za kwanza. Oili nayo ni vivyo hivyo. Mwenye gari huchomoa kijiti cha kupimia, akaona kiasi bado kipo, akaridhika. Au akiona imepungua huongeza nusu lita juu ya ile iliyochakaa, akadhani ametengeneza. Huko ni kumimina kikombe cha maji safi katika beseni la maji machafu.

Je, ibadiliwe baada ya muda gani? Jawabu la kweli limeandikwa katika kitabu cha gari lenyewe, na aliye nacho akifuate. Kwa desturi magari madogo yatumiayo oili ya kawaida hubadiliwa kila kilomita 5,000, au kila miezi sita hata kama gari halikwenda sana. Oili za kisasa zitengenezwazo kwa ustadi wa kemia huweza kufika kilomita 10,000. Pikipiki ni habari nyingine. Pikipiki ya bodaboda ina oili ya lita moja tu au karibu yake, na oili hiyo hiyo huhudumia injini, gia na klachi. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 au 1,500 si mapema mno. Mwenye kupita kila siku katika vumbi na mchanga, au mwenye kubeba mizigo mizito, asingoje mpaka mwisho wa kipimo.

Wazee wa Nachingwea wanaujua mfano mmoja mkubwa kuliko yote. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga, kwanza Kongwa na baadaye huku kwetu kusini. Yalinunuliwa matrekta ya mabaki ya vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Mengi yaliharibika upesi, kwa kuwa yalikuwa yamechoka, na vipuri na mafundi havikutosha kuyatunza. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo, lakini hata hivyo inapendeza kuwaza kwamba fedha nyingi kiasi kile zilimwagwa juu ya mashine ambazo hapakuwa na watu wa kutosha wa kuzitazama.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Juu ya chombo cha oili mtaona herufi SAE na tarakimu, kama 20W-50 au 15W-40. SAE ni jina la jumuiya ya wahandisi iliyoundwa Marekani mwaka 1905, nayo ndiyo iliyoweka vipimo hivi. Tarakimu ya kwanza yaonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi. Ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa na moto. Katika joto la pwani yetu ile ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi, lakini msichague kwa kubahatisha: kila injini ina aina yake, na injini mpya hupenda oili nyepesi kuliko zile za zamani. Mwenye pikipiki atafute iliyoandikwa JASO MA, kwa sababu oili nyingine za magari hutiwa dawa ya utelezi, nayo huifanya klachi ya pikipiki iteleze isishike. Tazameni pia kifuniko. Chombo ambacho muhuri wake umekatika kirudisheni dukani, kwa maana wapo watu wasio na haya wachujao oili iliyotumika na kuiuza tena katika vyombo vizuri.

Vyombo vya kazi ni vichache: spana ya saizi sawasawa na bolti, beseni pana, faneli, matambara, filta mpya, na washa mpya ya bolti ikiwa inapatikana. Washeni injini dakika tano ipate uvuguvugu, kwa maana oili baridi hutoka polepole na kuacha uchafu chini. Kisha zimeni, mkangoje kama dakika kumi. Oili ya moto sana huunguza vibaya kuliko maji, kwa kuwa hung'ang'ania ngozi.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Gari lisimame mahali palipo sawa na pagumu, si juu ya mchanga wa pwani, breki ya mkono ifungwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Ikiwa nafasi ya chini yatosha mtu kupita, msiliinue kabisa. Ikiwa hapana budi kuinua, basi jueni kwamba jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Wekeni vigingi vya chuma, au magogo mazito ya mti mgumu, kisha tikiseni gari kwa mkono kabla ya kuingia. Matofali hayafai, kwa maana tofali hupasuka ghafula bila kuonya. Wamekufa watu kwa kosa hilo, na watoto wasiachwe kucheza karibu.

Fungueni kifuniko cha juu cha kutilia oili, ili hewa ipate kuingia. Wekeni beseni chini, mkazungushe bolti ya kumwagia kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ikilegea, malizieni kwa vidole huku mkiisukuma juu, kisha iondoeni upesi, mkono upishe. Acheni oili itiririke mpaka iwe matone. Katika pikipiki nyingi ndogo bolti hiyo huambatana na chujio la waya na springi. Visianguke na kupotea mchangani, na chujio lioshwe kwa petroli kidogo, mbali na moto na sigara.

Oili inapotoka, itazameni. Weusi peke yake si dalili ya ubaya, na katika injini ya dizeli oili mpya huweza kuwa nyeusi baada ya siku chache. Lakini mkiona chembe zing'aazo kama magamba ya dagaa, huo ni unga wa chuma, na injini yataka fundi. Mkiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwezi wa Mei mwaka 2024, baada ya kimbunga Hidaya kupiga pwani hii, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika mahali kadhaa katika wilaya ya Kilwa, na maji yakafunika njia. Gari lililozimika ndani ya maji kama hayo lisiwashwe tena kabla oili yake haijatazamwa.

Bolti irudishwe kwa vidole kwanza. Ikiwa ngumu tangu mzunguko wa kwanza, imeingia upande. Itoeni, mkaanze tena. Ikisha kufika mwisho, kazeni kwa spana kwa kiasi tu. Vijana wenye nguvu ndio wanaoharibu hapa: karai la oili mara nyingi ni la madini laini, na nyuzi zake zikikatika hazirudi. Kisha ondoeni filta ya zamani, mkahakikishe kwamba mpira wake umetoka pamoja nayo. Mpira wa kale ukibaki, miwili haitashikana, na oili yote huweza kumwagika njiani kwa dakika chache. Pakeni mpira mpya oili safi kwa kidole, kazeni filta kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha zungusheni tena kama robo tatu ya mzunguko. Spana haitakiwi.

Tieni oili pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa, ngojeni itulie, pimeni kwa kijiti, mkaongeze kidogo kidogo hata ifike kati ya alama mbili. Kuzidisha si ukarimu. Oili ikizidi hupigwa na vyuma vizungukavyo ikawa povu, na povu halitengi chuma na chuma. Washeni injini bila kuivumisha. Taa nyekundu ya oili yapasa kuzimika kwa sekunde chache. Isipozimika, zimeni injini papo hapo. Tazameni chini kama pana tone, zimeni, ngojeni dakika tano, pimeni mara ya pili. Andikeni hesabu ya kilomita na tarehe katika daftari.

Imebaki ile oili chafu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Watu wengi huimwaga nyuma ya nyumba. Sehemu kubwa ya mwambao huu ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Kimwagwacho juu hushuka upesi hata kwenye maji ya visima. Ikifika baharini hufunika mizizi ya mchu, ile itokezayo matopeni kama vidole ili mti upate kupumua, na mti hufa. Na penye mikoko iliyokufa kamba na samaki wadogo hawana malezi. Wengine huipaka ngalawa badala ya sifa ya papa na deheni walizotumia wajenzi wa zamani, au huwapaka mbuzi wenye vidonda. Si dawa. Ina masizi na madini, tena imethibitishwa kwamba oili iliyotumika, ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, huweza kuleta saratani; kwa hiyo nawani kwa sabuni mara mmalizapo, wala msiivukize kwa kuichoma jikoni. Katika sheria za Tanzania huhesabiwa kuwa taka ya hatari.

Itieni katika dumu lenye kifuniko, mkaandike juu yake kwa herufi kubwa OILI CHAFU, kwa sababu dumu la oili na dumu la mafuta ya kupikia hufanana, na mtoto hajui kutofautisha. Filta ya zamani ichuruzishwe humo kwa siku moja. Dumu likae mahali pa kivuli, mbali na moto, mpaka siku ya safari ya mjini, na huko lipelekwe gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu kwa ajili ya wanunuzi wenye kibali.