Kifaru aliyechorwa kwa kuhadithiwa

Je, msomaji, unaweza kumchora mnyama ambaye hujamwona hata siku moja? Albrecht Dürer, mchoraji stadi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, alifanya hivyo mwaka wa 1515.

Tarehe 20 Mei mwaka huo, meli kutoka Bara Hindi iliteremsha kifaru hai mjini Lisbon, Ureno. Alikuwa zawadi ya Sultani wa Gujarat, naye akafikishwa kwa Mfalme Manuel wa Kwanza. Vitabu vya Warumi vilidai kuwa kifaru na ndovu ni mahasimu wa jadi. Ili kuhakikisha, tarehe 3 Juni mfalme aliwakutanisha uwanjani. Ndovu alitimua mbio!

Enzi hizo hapakuwa na magazeti. Habari zilisafiri kwa barua za wafanyabiashara, na barua moja pamoja na mchoro wa harakaharaka vilimfikia Dürer. Picha yake ilichongwa kwenye ubao, ikapigwa chapa na kuuzwa kwa maelfu. Lakini alimvisha kifaru deraya kama askari na kumwongezea kipembe mgongoni!

Kifaru mwenyewe alizama mwaka wa 1516 akiwa kwenye minyororo melini, akipelekwa kwa Papa mjini Roma. Hivyo hakubaki wa kulinganishwa na picha, na kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu wengi waliamini kifaru ndivyo alivyo.

Ndiyo maana wahenga walisema: akili ya kuambiwa, changanya na yako.