Maji yamerudi, lakini yamerudi na nini?

Bomba lenyewe halina la kumvutia mtu. Limechomoza ardhini hadi usawa wa goti, pembeni ya majaruba ya mpunga, lina kifuniko cha chuma na kufuli. Ukilipita na bodaboda utadhani ni kigingi cha mpaka wa kiwanja. Mimi nililiulizia kwa sababu ya hilo kufuli. Hapa Kyela, wilaya ambayo masika maji hukufuata mpaka sebuleni, nani anayafungia maji kwa kufuli?

Mwenye ufunguo ni fundi wa maji ya chini ya ardhi, mtu anayekaribia kustaafu, aliyezunguka migodi mingi na asiyependa jina lake litoke gazetini. Alikuja na gurudumu la utepe wenye alama za sentimita, ncha yake ya chuma. Akaifuta ncha kwa kitambaa safi, "nisihamishe ugonjwa wa kisima cha jana kuuleta kwenye cha leo," akaanza kuuteremsha taratibu, kidole kikiegemea mkwaruzo uliochongwa kwenye ukingo wa bomba. Vipimo vyote husomwa kwenye mkwaruzo huo, miaka nenda miaka rudi. Ghafla gurudumu likalia, taa nyekundu ikawaka: ncha imegusa maji. Akaivuta juu kidogo, ikanyamaza. Akaishusha, ikalia. Alirudia mpaka akaridhika, ndipo akaandika kwa penseli.

Nilidhani kazi imeisha. "Bado, mwanangu. Hapo tumejua yako wapi, hatujajua yakoje."

Akatumbukiza chombo chembamba kilichofungwa kamba na kuanza kuyachota na kuyamwaga. Alimwaga mara tatu ya ujazo wa maji yaliyosimama bombani kabla ya kujaza hata chupa moja. Maji ya kwanza ni ya bomba, anasema, yamelala humo yakivuta hewa; ukiyapeleka maabara utaletewa majibu ya bomba. Chupa ya kupimia madini anaidondoshea asidi kidogo ili chuma kisigande kwenye kuta zake, kisha zote zinaingia kwenye sanduku la barafu. Anayafanya haya kwa unadhifu wa mtu anayeandaa chakula cha mgonjwa, na hakuna anayemtazama.

Anachokifuatilia ni athari za makaa ya mawe, ambayo historia yake huku haihitaji maneno mengi. Mgodi wa Kiwira, kwenye milima inayopakana na wilaya ya Ileje, ulijengwa kwa msaada wa Wachina, ukafunguliwa 1988, ukabinafsishwa, ukarudi serikalini. Sasa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linachimba kwa shimo la wazi upande wa Kabulo. Sikuonyeshwa namba yoyote ya kutisha, wala sina cha kuutuhumu mgodi wowote wa Kyela. Kilichonikaa kichwani ni jambo ambalo fundi alilisema huku akifunga kufuli: wakati wa kuogopa si pale mashine zinapounguruma, ni pale pampu inapozimwa.

Shimo la wazi likifika chini ya usawa wa maji ya ardhini, lazima lipampiwe. Maji ya jirani hushuka, visima vya kuchimba kwa mkono hukauka, watu hulalamika. Siku mgodi ukifungwa na shimo likifukiwa, maji huanza kupanda, pengine kwa miaka. Wanakijiji hufurahi, na wana haki. "Kila mtu anasema maji yamerudi. Mimi nauliza yamerudi na nini?"

Maana yanapanda kupitia kifusi. Mwamba uliokuwa gizani tangu kabla ya binadamu sasa umevunjwavunjwa na kukutana na hewa. Ukiwa na madini ya chuma na salfa, hewa na maji huyageuza kuwa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali nyingine njiani. Kijito kikifika hatua ya kuwa na rangi ya kutu, fundi anasema, umechelewa sana. Dalili ya mapema haina rangi: ni maji kupitisha umeme kirahisi zaidi kuliko mwaka jana, ishara kwamba chumvi za salfa zimeongezeka hata kabla uchachu haujapanda. Lakini "kuliko mwaka jana" hudai mtu awe amepima mwaka jana, na kabla ya jembe la kwanza, masika na kiangazi.

Anachokitaka kwenye ukarabati kinajulikana: udongo wa juu utunzwe pembeni, mwamba wenye salfa uzikwe peke yake chini ya mfinyanzi ulioshindiliwa, chokaa ichanganywe, mitaro iyaelekeze maji ya mvua mbali, mabwawa yatulize tope lisifike Mto Kiwira. Anakereka na picha za viongozi wakipanda miche. Miche ni mizuri, lakini mizizi yake haifiki anakopimia yeye. Hata mita 60 ambazo sheria inazitaka kando ya mto, maji ya chini hayazisomi.

Na Ziwa Nyasa, ambako mto huo huishia, je? Mto Shire, huko kusini kabisa, ndio njia pekee ya maji yake kutokea. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huondoka kama mvuke, na mvuke haubebi metali. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, kwenye mgodi wa urani wa Kayelekera uliokuwa umesimamishwa 2014, dhoruba ya Januari 2015 ilipasua bitana ya tangi la maji ya kiwandani. Mito ya huko nayo huishia ziwa hilihili.

Nilimuuliza kwa nini namba za kwenye daftari lake zisibandikwe ofisi ya kijiji, ambako mwenye jaruba angeziona. "Hilo waulize wenye ofisi."

Nikamuuliza upimaji unapaswa kuendelea kwa muda gani baada ya mgodi kufungwa. Mpaka namba zitulie, alisema, misimu kadhaa mfululizo, si mpaka hati ya kufunga isainiwe. Na mafuta ya pikipiki ya kumfikisha mpimaji hapa, kampuni ikishaondoka, atayalipa nani? Akacheka, akapakia sanduku lake.