Kwa Nini Ndege Ndogo Hukaa Mbali na Mawingu

Rubani wa ndege ndogo arukaye kwa kutazama nje hujikinga na mgongano kwa macho yake. Lakini wingu lililo karibu na kiwanja laweza kuficha ndege kubwa inayoshuka kwa kufuata vyombo. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa kwa kawaida humtaka awe mita 1,500 kutoka ubavuni mwa wingu, na mita 300 juu au chini yake.

Ikiwa ndege kubwa itatokeza winguni kwa mwendo wa mita 130 kwa sekunde, na ile ndogo ikiielekea kwa mita 50, zitakaribiana mita 180 kila sekunde. Mita 1,500 zitakwisha kwa sekunde 8 hivi. Katika muda huo marubani hawana budi kuonana, kuamua na kukwepana. Alisogeleaye wingu hujipunguzia sekunde hizo.