Kura ya Nne ya Kisangani

Mpiga kura wa Kisangani aliyeingia kibandani tarehe 20 Desemba 2023 alichagua mara nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini, yule ambaye majirani zetu wa mashariki humwita diwani. Ndugu yake aliyeko kijijini Ubundu au Isangi alichagua mara tatu tu. CENI, tume ya uchaguzi, ilikuwa imeamua kwamba kura hiyo ya nne itafanyika kwenye komini za miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwetu maana yake ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na, ng'ambo ya mto, Lubunga.

Kelele nyingi zilienda kwenye kura tatu za kwanza. Vituo vilichelewa kufunguliwa, mashine za kupigia kura zikagoma, nyingine zikakutwa majumbani mwa watu, na tarehe 5 Januari 2024 CENI ikafuta wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Katikati ya vurugu hizo, nani angekumbuka kwamba wagombea zaidi ya 31,000 nchini kote walikuwa wanagombania viti 915 vya komini? Hiyo ni zaidi ya watu 30 kwa kiti kimoja, tena kiti ambacho wengi wetu hatukujua kazi yake.

Tusijilaumu sana. Nchi ilipiga kura mwaka 2006, 2011 na 2018, na kila mara uchaguzi wa komini uliahirishwa kwa sababu ya fedha au kwa sababu ya siasa. Mara ya mwisho watu wa mjini kuchagua wawakilishi wa ngazi hiyo ilikuwa zama za Mobutu, chini ya MPR, chama ambacho hakikuwa na mpinzani. Miaka yote iliyofuata, meya na maburugumestri, yaani wakuu wa komini, waliteuliwa kutoka juu.

Ajabu ni kwamba mji huu ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kujifunza kura za namna hii. Wabelgiji walizianza Desemba 1957 kule Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ukafuata mwaka 1958. Desemba 1959, baada ya ghasia zilizozuka hapa Oktoba, MNC, chama cha Lumumba, ilishinda kwa kishindo huku kiongozi wake akiwa korokoroni. Kura ya serikali za mitaa ndiyo iliyomwonyesha mkoloni, kabla ya Mkutano wa Brussels uliojadili uhuru, mji huu ulikuwa upande wa nani.

Sasa tuangalie hesabu. Komini nzima ni eneo moja la uchaguzi lenye viti kadhaa. Unachagua jina moja tu. Kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha nzima ya chama au muungano, viti vinagawanywa kwa uwiano, kisha ndani ya kila orodha wanapita wenye kura nyingi. Kwa hiyo adui wa kwanza wa mgombea ni mwenzake wa orodha moja. Wanavaa tisheti za rangi ileile, usiku wanachimbana. Naye mpiga kura, kwa kuwa ana jina moja tu la kutoa, anampa mtoto wa nyumbani, wa kabila au wa kanisa. Mwalimu mzuri wa mtaa wa pili anabaki na sifa zake.

Scotland wana njia nyingine tangu 2007. Kata nyingi zina madiwani watatu au wanne, na mpiga kura huwapanga wagombea: 1, 2, 3, mpaka atakapochoka. Penye viti vitatu, anayevuka robo ya kura amepita. Kura zake za ziada huhamia kwa chaguo la pili la waliompigia. Na anayeshika mkia huondolewa, kura zake nazo zikahamishwa. Mtu wa Mangobo angeweza kumpa binamu yake namba 1 na yule mwalimu namba 2, amani ikabaki nyumbani. Lakini tusiwaonee wivu kupita kiasi: kura zao huhesabiwa kwa kompyuta, na chama kikisimamisha wagombea wawili, mara nyingi anayefaidika ni yule ambaye jina lake linatangulia kwa alfabeti.

Hata hivyo, tatizo letu kubwa linaanza baada ya hesabu. Kwa sheria, washauri wa komini ndio wanaomchagua burugumestri, na ndio wanaochagua washauri wa mji, ambao nao humchagua meya. Kiungo cha kwanza kikilala, vyote vinalala. Matokeo yalitangazwa Januari 2024, na miezi mingi baadaye washauri wa sehemu mbalimbali za nchi walikuwa bado wanadai kuwekwa rasmi kwenye viti vyao.

Wakati huo Lubunga haikusubiri. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliolipuka mwaka 2023, ulimwaga wakimbizi mjini. Nani awapangie mahali pa kulala, nani azungumze na machifu, kama si mtu aliyechaguliwa na mtaa wenyewe? Fedha nazo: sheria ya Oktoba 2008 inazipa komini na ngazi nyingine za chini asilimia 40 ya mgawo ambao jimbo linapata kutoka mapato ya taifa, mbali na ushuru wa sokoni ambao mama anayeuza mihogo hulipa. Kuzikagua fedha hizo ni kazi ya baraza la komini. Bila baraza, burugumestri anajikagua mwenyewe, na huo ni utaratibu mbovu hata akiwa mwaminifu.

Kwa hiyo, msomaji wa Boyoma, yaani Kisangani yetu, mtafute mshauri uliyempa kura yako ya nne. Muulize komini ilikusanya faranga ngapi sokoni mwaka jana, na zilienda wapi. Akikujibu kwamba hajui, mpe wiki mbili, kisha rudi na majirani zako.