Kubadili Mwalimu wa Kinanda

Jioni moja kijana wa Uvira alitujia ufukoni mwa ziwa, uso umemshuka. Ajifunza kupiga kinanda, lakini mwalimu wake afundisha kwa kusikia tu. Naye ataka kwenda kwa mwalimu ajuaye noti. Baba yake amekataa: «Huyu alikufundisha bure tulipokuwa hatuna kitu. Leo tumpe kisogo?»

Neno la baba lina uzito. Lakini kubadili mwalimu si kukosa shukrani. Beethoven alifundishwa kwanza na baba yake, kisha na Neefe mjini Bonn. Mwaka 1792 alikwenda Vienna kwa Haydn. Na Haydn aliposafiri kwenda London mwaka 1794, alijifunza kwa Albrechtsberger. Kila mmoja alimpa alichokuwa nacho.

Basi tulimwambia: «Usibishane na baba. Mwombe akusikilize ukipiga kinanda, umwonyeshe ulipokwama. Akikubali, nendeni pamoja kwa mwalimu wa kwanza, mkamshukuru na kumwomba ruhusa.»

Nanyi wazazi, msimkatalie mtoto kabla ya kumwuliza sababu. Mwalimu mwema haoni haya mwanafunzi wake akimpita.