Mluzi Unaoanzia Gilgil

Mteja mmoja aliniletea sedani ya Kijerumani, gari la kifahari hasa, akiwa ameshatumia pesa nyingi. Alikuwa amebadilisha tairi zote nne na kuwekewa raba mpya kwenye milango ya mbele, lakini kila akipita Gilgil kuja Nakuru mluzi ulikuwa palepale, karibu na sikio la kulia. "Fundi, gari hili nililinunua kwa sababu ya utulivu wake," aliniambia. Nilichukua tepu ya karatasi, ile ambayo wapaka rangi hufunikia kingo, nikaziba ukingo wote wa kioo cha mbele. Tukaenda hadi Mbaruk na kurudi. Mluzi haukusikika tena. Miezi michache nyuma kioo hicho kilipigwa jiwe na lori, kikabadilishwa, na aliyekibadilisha akarudishia ule utepe wa zamani wa pembeni uliokwisha kupinda.

Tairi zile alizozitoa zilikuwa bado nzima. Hili ndilo linaloniuma katika kazi hii: watu hununua spea kabla ya kujua kelele inatoka wapi.

Kelele ya upepo haipandi sambamba na mwendo. Kwa makadirio ya wanafizikia, nguvu yake hukua kwa kipeo cha sita cha kasi ya hewa, kwa hiyo ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 100, nguvu hiyo inakaribia mara nne. Tena kinachohesabiwa ni hewa inayokutana na gari, si mshale wa dashibodi. Alasiri upepo ukikuvumia usoni kwa kilomita 20 kwenye uwanda wa Elementaita, gari linalokwenda 100 linapasua hewa ya 120. Ndiyo maana gari lililokuwa kimya asubuhi huanza kulia jioni. Mwinuko nao una neno lake. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Gari linalopiga mluzi hapa litapiga zaidi likiteremka pwani.

Jambo jingine huwapotosha hata mafundi. Hewa ikipita kwa kasi ubavuni mwa gari, shinikizo la nje hushuka, na hewa ya ndani huusukuma mlango na kioo chake kuelekea nje. Raba iliyobana vizuri gari likiwa gereji huachia kidogo barabarani. Kwa hiyo kuchungulia milango chini ya mwembe hakutoshi, ni lazima uendeshe.

Anza kwa kusikiliza. Lami ikibadilika kutoka laini kuwa ya mabaka na sauti nayo ikabadilika, hiyo ni tairi. Sauti ya kunguruma inayozidi unapokata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili huenda ikawa beringi ya gurudumu, na hapo acha habari za upepo, peleka gari likafunguliwe, kwa sababu beringi iliyokufa inaweza kukuangusha. Upepo wenyewe una sauti mbili: mluzi mwembamba, ambao hutoka kwenye upenyo mdogo, na uvumi mpana, ambao mara nyingi hutoka kwenye kitu kilichojitokeza nje, kama kioo cha pembeni kisichokaa sawa au vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa. Magari mengi yameibiwa vioo vya pembeni yakawekewa vya bei rahisi. Tazama kama kitako chake kimelala barabara kwenye mlango.

Kisha tumia tepu. Ziba kila mshono wa upande unaolia: kingo za kioo cha mbele, kitako cha kioo cha pembeni, mzunguko wa mlango, kioo cha paa. Mwache mtu mwingine aendeshe, wewe usikilize. Chagua kipande kimoja cha barabara kilichonyooka, mwendo uleule, ndani ya kikomo cha sheria. Mteremko wa Salgaa si mahali pa majaribio. Kelele ikinyamaza, bandua kipande kimoja kimoja ukirudia safari. Kipande kitakachorudisha mluzi ndicho kilichokuwa kimeziba penyewe. Isiponyamaza kabisa, chanzo hakipo kwenye mishono hiyo.

Vumbi letu nalo husaidia. Ukitoka kwenye barabara ya murami, au karibu na machimbo ya Kariandusi ambako vumbi ni jeupe kama unga, fungua mlango kabla hujaosha gari. Mstari wa vumbi uliovuka raba kuingia ndani unaonyesha njia ya hewa. Hapo funga mlango juu ya kipande cha karatasi ukivute: kikichomoka bila kukwama, raba haibani.

Raba iliyokauka isioshwe kwa dizeli wala kupakwa oili chakavu. Itang'aa siku mbili, kisha itavimba na kulegea. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, uipake grisi ya silikoni. Mlango uliolegea huhitaji kusogezwa kile chuma kinachopokea kitasa, pengine milimita moja tu. Usizibe matundu ya chini ya mlango. Ni ya kutolea maji, na ukiyaziba mlango utaoza kwa kutu.

Kioo cha dirishani pia hukaguliwa. Magari mengi ya kifahari yana vioo vya tabaka mbili vyenye plastiki laini katikati inayomeza sauti. Kikivunjwa na wezi kikawekwa cha kawaida, hakuna raba itakayorudisha utulivu ule.

Nirudi kwenye kioo cha mbele, maana hapo sizungumzii starehe peke yake. Kioo hicho kimegundishwa kwenye bodi na husaidia kulishikilia paa gari likipinduka. Katika magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Kikipenyeza upepo, huenda gundi haikushika. Ukibadilishiwa kioo, dai utepe mpya, uliza gundi inahitaji saa ngapi kukauka kabla hujaondoka, na ukisikia mluzi safari ya kwanza, kirudishe kwa aliyekiweka siku hiyohiyo.