Una mkataba na klabu nyingine inakuita: sheria inasema nini

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, limepakana na uwanja wa Nakivubo, kwa hiyo si ajabu maneno mengi ya mpira wa Kampala kuanzia kwenye vibanda vyake. Unakwenda kutafuta njumu za mtumba, muuzaji anakutambua kwa sura, na pembeni yake amesimama mtu anayesema ametumwa na klabu. Anataka namba yako ya simu. Anasema huko uliko hawakuthamini, kwao utalipwa zaidi, na karatasi unaweza kuisaini leo hii.

Kama huna mkataba na klabu yoyote, msikilize, hakuna kosa. Kama unao, soma kwanza.

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema, katika kifungu cha 18, kwamba klabu inayotaka kumchukua mchezaji wa kulipwa lazima iiarifu klabu yake ya sasa kwa maandishi kabla ya kuanza kuzungumza naye. Neno zito hapo ni “kabla”. Barua ikitumwa baada ya wewe kukubali bei, kosa limeshafanyika. Kila shirikisho la nchi linatakiwa kukiingiza kifungu hicho katika kanuni zake bila kukibadilisha, kwa hiyo usidhani kinahusu tu wanaohamia Ulaya. Kinamhusu pia anayetoka klabu moja ya Kampala kwenda nyingine ya mtaa wa pili.

Uhuru wako unaanza lini? Mkataba ukiwa umekwisha, au ukiwa umebakiza miezi 6 au chini ya hapo. Wenye mkataba unaokwisha tarehe 30 Juni wanaweza kusaini na klabu nyingine kuanzia Januari, ila mkataba mpya utaanza kufanya kazi ule wa zamani ukimalizika. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba wako. Vijana wengi hawaijui, kwa sababu nakala imebaki kwa meneja. Nakala ni haki yako. Idai, ipige picha, mtumie ndugu unayemwamini akutunzie.

Kuna wanaouliza: mimi napewa nauli na soda baada ya mechi, nina mkataba gani? Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hafungwi na mambo ya miezi 6, lakini jina lake likishasajiliwa klabuni hawezi kuchezea nyingine mpaka uhamisho upitie kwenye shirikisho.

Sasa tazama nani anaumia sheria hii ikivunjwa. Kesi inayojulikana zaidi duniani ni ya Ashley Cole. Januari 2005, akiwa na mkataba na Arsenal, alikutana hotelini London na watu wa Chelsea, akiwemo kocha José Mourinho. Arsenal hawakuwa wameruhusu. Chelsea walitozwa faini ya pauni 300,000 na kuwekewa adhabu ya kunyang’anywa pointi 3 ambayo ingetekelezwa wakirudia kosa. Mourinho alitozwa 200,000 na Cole mwenyewe 100,000, kisha rufaa ikashusha faini zao hadi 75,000 kila mmoja. Angalia hapo: mchezaji aliadhibiwa pia. Kusema “mimi niliitwa tu” hakukumwokoa.

Cole alikuwa tajiri, alilipa na maisha yakaendelea. Mchezaji wa kwetu hupoteza kitu kigumu zaidi kurudi, yaani muda wa kucheza. Wengi mnamkumbuka Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar. Desemba 2022 aliiandikia Yanga kwamba anavunja mkataba, akaweka shilingi milioni 112 za Tanzania kwenye akaunti ya klabu akiamini pesa hiyo inamaliza kila kitu. Januari 2023 kamati ya TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga. Hakurudi kuichezea. Timu yake ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye, na ni Juni 2023 tu, klabu zilipoelewana, alipokwenda Azam. Kamati ilikuwa inaamua juu ya mkataba, si juu ya nani alimshawishi. Lakini somo kwa mtu aliyesimama Owino na kalamu mkononi ni lile lile: pesa haivunji mkataba mpaka pande mbili zikubaliane au chombo cha mpira kiamue.

Ukisaini mikataba miwili ya kipindi kimoja, unahesabiwa kuwa umevunja mmoja. Kwa kanuni za FIFA anayevunja mkataba bila sababu ya haki anadaiwa fidia, na akiwa bado ndani ya kipindi cha ulinzi (misimu 3 ya mwanzo kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28) anafungiwa miezi 4, au 6 kosa likiwa kubwa. Klabu iliyomshawishi inaweza kukatazwa kusajili kwa madirisha mawili. Zamani klabu mpya ilichukuliwa moja kwa moja kuwa ndiyo imeshawishi. Tangu hukumu ya mahakama ya Umoja wa Ulaya katika kesi ya Lassana Diarra, Oktoba 2024, FIFA imelegeza: sasa lazima ionekane kweli kwamba ilishawishi. Hiyo ni nafuu kwa klabu. Wewe uliyesaini mara mbili, saini yako bado ipo.

Na kama klabu yako haikulipi? Hapa wengi wanakosea kwa hasira. Mishahara isiyolipwa inaweza kukupa haki ya kuondoka, lakini si kwa kutoroka usiku. Kanuni ya FIFA inataka ukiwa unadai angalau miezi 2, uandike barua, uipe klabu siku 15 au zaidi kulipa, ndipo uondoke wasipolipa. Emmanuel Okwi alirudi Uganda kutoka Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013, yeye akisema hakulipwa, klabu ikisema ametoroka. Ilibidi apate kibali cha muda cha FIFA ili acheze SC Villa. Kama mtu mwenye jina lake alihitaji karatasi, na wewe unaihitaji.

Wazazi mlioko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na kwingineko, hili ni lenu. Mtoto chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamishwa nchi nyingine kwa ajili ya mpira. Vighairi ni vichache, na mtu anayeomba pesa ya viza mkononi hawezi kuwapa hata kimoja. Mkataba wa mtoto hauwezi kuzidi miaka 3. Wakala halali ana leseni ya FIFA kwa jina lake mwenyewe, si la kampuni, na jina hilo mnaweza kulitafuta kwenye tovuti ya FIFA. Akisema leseni “iko njiani”, mwacheni aende nayo njiani.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kuajiriwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa una kadi ya mkimbizi huwezi kupewa mkataba wa maandishi. Mikataba hapa huandikwa Kiingereza. Wengi wetu tumesoma Kifaransa. Usisaini usichokielewa kwa sababu ya aibu. Omba siku mbili, mpelekee mtu akusomee kila ukurasa, hasa tarehe, mshahara na kinachotokea ukiumia.

Yule mtu wa Owino mjibu kwa heshima: “Mzee, asante, andikieni klabu yangu kwanza.” Mwenye nia ya kweli ataandika. Ukiwa na shaka kama uliyesaini nao wamekusajili, ofisi za FUFA ziko Mengo, si mbali na soko. Nenda na kadi yako na nakala ya mkataba, uulize jina lako limesajiliwa klabu gani na mpaka lini.